Kompyuta ilipofungwa Makanyagio, Nyanzala alipiga mwano

Kucha za Nyanzala Luhende zote zimekatwa fupi, isipokuwa moja. Ya kidole gumba cha mkono wa kulia ameiacha ikue kidogo. Haina rangi, na ncha yake imesuguliwa ikawa laini.

Saa mbili asubuhi mgeni wa kwanza anaingia katika Kituo cha Elimu ya Nyumbani, Makanyagio, mjini Mpanda. Ni mwalimu wa kwaya kutoka Shanwe, na amebeba disketi kwenye mfuko wa shati. Nyanzala anaipokea kwa mikono miwili kama anayepewa sahani. Anaigeuza, anaingiza ile kucha kwenye kona na kusukuma kipande kidogo cheusi. Kidirisha kinafunguka.

"Hapo mashine yangu inaweza kuisoma, lakini haiwezi kuandika kitu ndani yake," anasema. "Kama mimi nina mdudu, hatakufuata nyumbani. Kama unaye wewe, nitamwona kabla hajaingia kwangu. Karibu ukae, kaka. Za Shanwe?"

"Njema. Ila dada, mimi nimeleta nyimbo za Pasaka, sijaleta ng'ombe wa mnadani."

"Ng'ombe wa mnadani huwa anakaguliwa meno tu. Wewe nakukagua mpaka tumboni."

Mwalimu wa kwaya anacheka na kukaa kwenye benchi. Amezoea. Mpanda nzima inayotumia kompyuta imezoea, na wengi wanamwita mama huyu Daktari, ingawa kazi yake ni kupiga chapa.

Nyanzala ana miaka thelathini na moja na watoto wawili. Alizaliwa upande wa Shinyanga, akafika Kakese akiwa msichana, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, Mzee Luhende. Kupiga chapa alijifunza kwa masista, kwenye taipureta ambayo herufi yake ya "k" ilikuwa imekatika mguu. Leo analipwa shilingi elfu ishirini na nane kwa mwezi, na jioni anauza maziwa ya ng'ombe wawili wa mume wake.

Kompyuta ya kituo ililetwa na wafadhili, ikashushwa stesheni ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Ilikuja kwa kazi moja: kitabu cha Mwalimu Cletus Lyamba.

Mwalimu Cletus ni Mkonongo, mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi aliandika kwa mkono masomo ya watu walioachia shule ya msingi njiani. Hakutaka kuwarudisha kwenye "a, e, i, o, u" kama watoto. Aliandika habari za mizinga ya nyuki, za kupima shamba kwa kamba, za kusoma karatasi ya dawa, za hesabu ya magunia. Kitabu alikiita "Endelea Ulipoishia."

Kabla hajamaliza, presha ya macho ikamchukulia uwezo wa kuona. Sura za mwisho alizisema kwa mdomo, na Nyanzala akazichapa moja kwa moja kwenye mashine.

Na karatasi za mwanzo, zile za mkono? Mwalimu mwenyewe anacheka anapoulizwa.

"Nilisema kikishaingia kwenye mashine kimeingia," anasimulia. "Karatasi zilikuwa zinaliwa na mchwa. Nikamwambia Nyanzala, mpe Mama Glory wa stesheni afungie karanga. Tusipoteze."

Mama Glory hakupoteza hata moja. Abiria wa treni ya Kaliua walikula karanga zilizofungwa kwa masomo ya kugawanya na ya kuzidisha, wakatupa karatasi dirishani. Kwa hiyo kitabu kizima kikabaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta.

Masika ya mwaka 1996 ilifika bahasha ya posta kutoka nje ya nchi. Ndani kulikuwa na disketi yenye karatasi nzuri ya rangi, ikieleza kwamba ni programu ya kufundisha kuchapa bila kutazama vidole. Haikuwa na barua wala jina la mtu.

"Mimi mpiga chapa naletewa mwalimu wa kuchapa, bure," anasema Nyanzala. "Ungekuwa wewe ungeirudisha?"

Aliiingiza, akafuata maelekezo, akabonyeza pale alipoambiwa abonyeze. Kila mchana alifanya zoezi. Anakiri kwamba programu ilifundisha kweli, kwani hadi leo anachapa akimtazama mgeni usoni.

Ambacho hakukijua ni kwamba siku ile ya kwanza disketi ilifanya mambo mawili. Ilimwonyesha mazoezi kwenye kioo, na kwa nyuma ikajinakili ndani ya mashine, kwenye chumba kilichofichwa. Kisha ikaongeza mstari wake kwenye faili ambalo kompyuta hulisoma kila inapowaka. Tangu hapo, kila mashine ilipowashwa, yule mgeni aliamka, akaongeza hesabu yake kwa moja, akalala tena.

Asubuhi moja hesabu yake ilitimia. Mashine iliwaka, ikakwama, halafu ikaandika maneno ya Kiingereza yaliyoagiza printa iwashwe. Printa ikatema karatasi. Mwalimu wa sekondari aliyekuwa jirani aliitwa aisome, naye akaitafsiri taratibu: programu uliyoitumia haijalipiwa, mafaili yako yamefungwa, tuma dola mia mbili na hamsini kwa sanduku la posta, nchi ya mbali, ndipo utatumiwa disketi ya kuyafungua.

Nyanzala aliizima mashine na kuiwasha. Akarudia. Mafaili ya kitabu hayakuonekana. Mahali pake palikuwa na majina yasiyosomeka, kama kuku amepita juu ya kibodi.

"Sikulia," anasema. "Nilitoka nje nikaenda kuchota maji, na ndoo zilikuwa zimejaa."

Mwalimu Cletus alikuwa kwenye benchi akingoja wachape somo la mwisho. Alimsikia anavyotembea.

"Nyanzala, kuna nini?"

"Kitabu kimefungwa, mwalimu."

"Kimefungwa na nani?"

"Simjui."

Mzee aliuliza kama Mama Glory bado ana karatasi zozote. Nyanzala alikimbia hadi stesheni. Alirudi na moja, yenye mafuta, nusu ya somo la kusoma kalenda.

Mchana kamati ya kituo ilikaa. Mwenyekiti wake, Mzee Danford, mfanyabiashara wa mbao, alitaka walipe. Hakuwa na ubaya. Alifikiri kama mfanyabiashara: mzigo umeshikwa, lipa, utoke.

"Tuchangishane kimya kimya," alisema. "Mambo haya yakitoka nje, wafadhili watasema tumeshindwa kutunza mashine. Wataichukua. Na wewe binti utarudi Kakese kuchunga."

"Mzee wangu, na tukilipa asipoijibu barua?" aliuliza Nyanzala.

"Atajibu. Ameandika anwani."

"Hata mwizi wa ng'ombe ana kwao."

"Sasa wewe unataka tufanye nini?"

Nyanzala si mtu wa kusema mbele ya watu. Wajumbe wanakumbuka kwamba alisema akitazama miguu ya meza.

"Nataka nipige mwano."

Kwa Wasukuma, ng'ombe wakiibwa, mwenye nyumba hajifungii ndani kwa aibu. Anatoka uani na kupiga ukelele unaoitwa mwano. Anayeusikia lazima atoke, naye aupige, ufike mji wa pili na wa tatu. Hakuna anayeuliza kwanza ng'ombe ni wa nani. Watu wakishakusanyika, wanashika nyayo na kuzifuata.

"Na utapigia wapi mwano wa kompyuta?" aliuliza Mzee Danford. "Sokoni?"

"Redioni."

Kituo kilikuwa na redio ya upepo, kwenye chumba cha pili, ya kuwasiliana na vituo vyenzake na misheni za mbali. Kila asubuhi vituo vyote hukutana kwenye masafa yaleyale na kupeana zamu: nani mgonjwa, gari lipi limekwama, nani kafiwa. Kinachosemwa na mmoja husikika na wote. Ndiyo maana mwenyekiti hakutaka.

"Utatuanika mpaka Tabora, binti."

"Huko ndiko ninakotaka kufika, mzee."

Mwalimu Cletus, ambaye kitabu ni chake, aliombwa aamue. Alisema hesabu ya dola haijui, lakini sauti ya Nyanzala anaijua, na haijawahi kumdanganya. Kamati ikakubali asubuhi moja tu. Ikishindikana, mchango uanze.

Asubuhi iliyofuata, zamu ya Mpanda ilipofika, Nyanzala alishika kinasa sauti. Alikuwa ameyakariri maneno usiku kucha.

"Vituo vyote, vituo vyote, hapa Mpanda. Sina mgonjwa, sina gari lililokwama. Nina kompyuta iliyofungwa na mtu, inadai pesa. Anayejua njia atoke. Ova."

Kituo cha Inyonga kikaingia, sauti ya mwanamume anayebana kicheko.

"Mpanda, inadai pesa kwa mdomo gani? Ova."

"Kwa karatasi, Inyonga. Ova."

"Mpanda, hapa Mamba," ikaingia sauti ya sista mmoja mzee wa misheni ya huko. "Mmejaribu kuizima na kuiwasha? Ova."

"Tumejaribu, Sista. Imezidi. Ova."

Ndipo ikaja sauti iliyokwaruza, ya mbali. Ilikuwa ya Melkior, fundi wa Tabora aliyetengeneza mashine za ofisi na aliyewahi kuona ugonjwa wa namna hiyo mahali pengine.

"Mpanda, Tabora hapa. Msiiwashe tena hiyo mashine. Narudia, msiiwashe. Na hela msitume hata senti. Nipe saa moja nitafute maandishi yangu. Vituo vingine, naomba masafa. Ova."

Wakati huo ndipo mwano ulipoitikiwa. Mtu wa Inyonga, yuleyule aliyecheka, akasema Inyonga inatoa zamu yake kwa Mpanda. Mamba ikatoa. Karema ikatoa, ikiomba tu ruhusa ya kusema kwamba boti imefika salama.

Melkior aliporudi hewani aliuliza swali la kwanza.

"Mpanda, umeme wa kwenu unakatika mara ngapi kwa siku? Ova."

"Tabora, hilo swali gumu. Ova."

"Ndiyo sababu. Huyu mdudu hahesabu siku, anahesabu kuwashwa. Wenye umeme wa uhakika bado wamelala naye ndani. Nyie mmemwamsha mapema. Ova."

Swali la pili lilikuwa la disketi ya kuwashia, ile iliyokuja na kompyuta kiwandani. Je, imewahi kutumika? Nyanzala hakuwahi hata kuitoa kwenye nailoni. Melkior akashusha pumzi, vituo vyote vikamsikia.

Tatizo lilikuwa kwamba redio iko chumba kimoja na kompyuta chumba kingine. Nyanzala hakuweza kuwa kwenye kibodi na kwenye kinasa sauti. Mwalimu Cletus akanyanyuka, akapapasa ukuta, akaketi mbele ya redio.

"Kuona siwezi," alisema, "kusema bado naweza. Anza."

Wakafanya hivyo. Melkior alisema, mzee akalipaza neno kwa neno kupitia mlango, Nyanzala akachapa na kujibu kwa sauti, mzee akarudisha Tabora.

Kwanza ile disketi safi ya kuwashia iliingizwa, kidirisha chake kikiwa wazi ili mdudu asiipande. Mashine iliwashwa kutoka kwenye disketi hiyo, si kutoka tumboni mwake, kwa hiyo yule mgeni hakuamshwa. Kisha ikatolewa amri ya kuonyesha vitu vilivyofichwa.

"Anasema vimetokea viwili," mzee alisema redioni. "Havina majina ya Kikristo. Ova."

"Ndiyo wenyewe. Aviondolee ulinzi, avifute. Asiguse kingine. Ova."

Nyanzala akafuta. Kisha akafungua lile faili linalosomwa mashine inapowaka, akautafuta mstari usio wake, akaung'oa. Disketi ya mazoezi ya kuchapa iliwekwa kwenye kopo, ikaandikwa "sumu."

Mdudu alikuwa ameondoka, lakini majina ya mafaili yalikuwa bado ni takataka. Melkior alieleza kwamba mdudu wa aina hii, kama ndiye anayemjua, huharibu majina na kuficha mafaili, ila yaliyomo ndani huyaacha. Hakuwa na uhakika. Wapo wabaya zaidi.

"Afungue moja, lolote, asome. Ova."

Nyanzala akachapa. Kioo kikajaa maneno, na maneno yalikuwa ya Kiswahili. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa kuwa mwenye kitabu hawezi kuona.

"Mama Monika ana debe tatu za mahindi. Jirani yake amefiwa. Anampa debe moja na nusu..."

"Somo la kumi na nne," alisema Mwalimu Cletus.

Hakujua kwamba kidole chake bado kilikuwa kimebana kitufe cha redio. Alipokiachia, kutoka Inyonga ikaja sauti ya utulivu.

"Anabaki na debe moja na nusu. Ova."

Mtu wa Karema akasema jibu ni sahihi. Sista wa Mamba akaomba waendelee. Wakaendelea. Nyanzala alifungua faili moja baada ya jingine, akasoma mstari wa kwanza. Mzee akalitambua kwa masikio, akataja namba yake. Nyanzala akalipa jina lake la zamani. Lilipotokea somo la kurina asali, mzee alimwacha asome hadi mwisho, na hakuna kituo kilichomkatiza. Hakuna somo hata moja lililopotea.

Mzee Danford alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, kofia mkononi. Sasa anasimulia mwenyewe bila kuulizwa.

"Mimi nilitaka kulipa. Ningelipa, mpaka leo tungekuwa tunakwenda posta kuchungulia sanduku," anasema. "Siku ile nilikwenda kumnunulia binti soda. Nikamwambia, mwanangu, hata kuchunga unajua."

Mambo hayakuishia hapo. Kabla masafa hayajafungwa iliingia sauti ya kijana wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi. Ni Celestin, aliyekuwa anachapa orodha za zahanati.

"Mpanda, samahani dada. Hiyo disketi ya kuchapa, ina karatasi ya bluu na mkono umeshika kalamu? Ova."

"Ndiyo, Katumba. Ova."

"Basi ninayo. Na mimi nimeshajifunza mpaka zoezi la tisa. Ova."

Kwa Celestin kompyuta ilitumia jenereta, ikawashwa mara moja kwa siku na kuzimwa. Mdudu wake alikuwa bado anahesabu polepole. Melkior alimwambia asiiguse. Kesho yake Nyanzala alipanda lori la tumbaku, disketi safi ikiwa kwenye kitambaa cha kanga kiunoni, akaenda Katumba. Alimtoa mdudu kabla hajafunga kitu chochote.

"Alifika na vumbi mpaka kwenye kope," anakumbuka Celestin. "Alikataa chai mpaka amalize."

Habari ilienea kwa njia yake. Ofisi nyingine tatu zilimwita, na mbili kati yake zilimkuta mdudu bado amelala. Wapo waliosikia neno virusi wakaogopa vibaya. Jirani mmoja alikataa kumpa mkono kwa wiki nzima, na Mama Glory alikataa karatasi za kituo, akisema wateja wake wana watoto.

Nyanzala sasa ana taratibu zake. Disketi ya bure kutoka kwa asiyemjua haiingii. Ya mgeni anayemjua hukaguliwa kwanza. Na kila kazi huwa na nakala tatu: moja ofisini, moja nyumbani kwake ndani ya kopo lenye mfuniko, na moja Katumba kwa Celestin, ambaye naye huleta za kwake Makanyagio.

"Baba hakuwahi kulaza ng'ombe wote kwenye zizi moja," anaeleza. "Wengine alikuwa anawapeleka kwa rafiki yake, mbali. Ugonjwa ukiingia kwetu, mbegu iko kwa rafiki. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu nina meno ya utoto. Ila sikujua kwamba na kitabu kina zizi."

"Endelea Ulipoishia" kilichapishwa mwaka uliofuata, kikasambazwa Kakese, Katumba, Inyonga na hadi vijiji vya ziwani. Mwalimu Cletus hulala na nakala moja kando ya mto. Hukifungua na kukinusa.

Nyanzala anataka kukodi chumba Shanwe, awafundishe wasichana kupiga chapa kwa kompyuta. Mashine ya mtumba ameshaahidiwa na Melkior, ambaye hadi leo hawajawahi kuonana uso kwa uso. Mzee Danford ameahidi mbao za meza.

Lakini kuna jambo jingine analolitamani, na alilisema akiwa amegeukia dirishani.

"Kile kitabu nimekisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote, ila mimi darasa la saba nilimaliza. Sijui kama kinafanya kazi kwa yule aliyeandikiwa. Natamani nikutane na mtu mmoja, mmoja tu, aliyekisoma peke yake hadi mwisho. Nimuulize ni ukurasa gani ulimshinda, tuurekebishe."

Nilimtazama akisema hayo. Nikaaga, nikatoka bila kumwambia.

Nakuambia hapa, Dada Nyanzala. Niliacha shule darasa la nne. Nilikisoma jikoni, peke yangu, hadi mwisho. Ulionishinda ni ukurasa wa riba.